Asidi Amino kwenye Kahawa ya Helvi

Jumatatu, tarehe 13 Januari

Nimejiandikisha kwenye utafiti wa chuo kikuu. Miaka sitini na nane, goti moja bovu, na nimekubaliwa! Tauno naye kakubaliwa, ila yeye ni kwa sababu alimtania daktari mpaka akacheka. Mimi ni kwa afya.

Tauno ni mwanyumba wangu. Yeye alimwoa Irja, mimi nikamwoa Helvi, mdogo wake Irja. Irja alifariki Septemba. Tangu hapo Tauno anakuja kwetu kila siku kunywa kahawa na kunielekeza mambo ambayo nimeyafanya maisha yangu yote. Leo kanifundisha kuwasha moto.

Utafiti wenyewe ni hivi. Unakanyaga pedali za baiskeli isiyokwenda popote mpaka miguu ikatae. Wanakutoa damu kabla, katikati na baada. Wanachopima ni asidi amino. Daktari Marchuk, binti mwembamba mwenye miwani, alituchorea kwenye ubao. Nyama na samaki unavyokula vinavunjwavunjwa tumboni, vinabaki vipande vidogo vidogo, ndizo asidi amino, zinatembea kwenye damu. Baadhi zinataka kuingia kwenye ubongo. Lango ni moja, basi zinagombania. Ukifanya mazoezi foleni inabadilika. Misuli inazivuta baadhi yazo izichome, foleni inapungua, na moja inayoitwa triptofani inapata upenyo. Ikishaingia, ubongo unaigeuza serotonini. Nikauliza serotonini ni ya nini. Akasema ni ya mambo mengi: uchovu, usingizi, hali ya moyo.

Hapo nikaacha kusikiliza. Hali ya moyo!

Miaka thelathini na moja nimefungua na kufunga milango ya ghala la nafaka hapa bandarini Thunder Bay. Mabehewa mia, mlango mmoja. Mambo ya foleni sifundishwi na mtu.

Helvi hajagusa skii zake za kutelezea thelujini tangu Irja aondoke. Miaka arobaini dada hao wawili walitoka kila Jumapili ya majira ya baridi, hata theluji ikianguka ya kuzika nyumba. Sasa anakaa dirishani na fumbo la maneno la gazeti, na haandiki hata herufi moja. Ukimuuliza, anasema amechoka tu. Halii. Angelia, ningemletea leso. Namtaka mke wangu arudi. Naliandika hapa kwa kuwa sina pa kulisemea.

Sasa, mpango. Utafiti una kinywaji cha asidi amino. Nusu ya chupa zina dawa, nusu zina maji matamu tu, na hata Daktari mwenyewe hajui ipi ni ipi. Mimi nitajua. Na kinywaji kitafika nyumbani.

Jumanne, tarehe 14 Januari

Kesho ndiyo jaribio la kwanza. Tumepewa karatasi ya masharti. Usifanye kazi nzito. Usinywe pombe. Andika ulichokula, na uandike jambo lolote lisilo la kawaida ulilofanya. Nimeandika: viazi, samaki, mkate mweusi, kahawa vikombe saba. Jambo lisilo la kawaida: hakuna.

Jioni tukaingia sauna, mimi na Tauno, maana mtu haendi kuchomwa sindano na binti wa watu akiwa hajaoga. Tauno akamwaga maji kwenye mawe ya moto, mvuke ukapanda. Nikamwaga zaidi. Akaniambia, "Shuka, mwanyumba, masikio yako yameshaiva." Nikamwambia yake yaliiva zamani, ndiyo maana hasikii la mtu. Tulikaa saa nzima. Nilitoka wa kwanza, lakini ni kwa sababu mlango ulikuwa upande wangu.

Helvi akaingia baada yetu, peke yake. Zamani waliingia wawili, yeye na Irja. Sisi wanaume tulikaa kwenye ngazi na taulo zetu, mvuke unatutoka mwilini, tukiwasikia wanavyocheka mle ndani na tukijua fika kwamba tunaochekwa ni sisi. Leo kimya. Tauno akawa anatazama vidole vya miguu yake. Nikamwambia baridi imezidi, twende ndani. Akasema ndiyo.

Jumatano, tarehe 15 Januari

Jaribio la kwanza. Unakunywa chupa yako kwenye chumba cha kusubiri, nusu saa nzima kabla ya baiskeli. Hakuna anayekusimamia. Nimeliona hilo.

Yangu ilikuwa tamu, kama juisi ya watoto. Tauno alipiga funda moja, uso ukamkunjamana kama aliyemeza sabuni. Basi nikajua. Chungu ndiyo dawa. Tauno, ambaye haihitaji, amepewa. Mwenye kisu kikali hakupewa nyama.

Baiskeli: mimi dakika hamsini na mbili, Tauno sitini na moja. Njia nzima ya kurudi hakusema neno kuhusu hizo dakika tisa. Alikuwa anapiga mluzi tu. Wiki ijayo tunarudi kwa chupa ya pili, na Tauno anadhani sijui kwamba mluzi ule ulikuwa na maana.

Jumapili, tarehe 19 Januari

Nimefanya mazoezi ya kuiba. Nimekaa kwenye ukumbi wa viatu nikiwa na chupa ya maji na themosi kati ya magoti, taulo juu yake. Chupa inakwenda mdomoni, shingo inameza, mkono unashuka, maji yanaingia themosi bila sauti. Mara ya kwanza nililowa suruali. Mara ya pili pia. Mara ya tatu Helvi alipita akiwa na kapu la nguo, akanitazama, akatazama suruali. Aliuliza kwa upole kama ningependa aniitie daktari wa wazee. Nikasema nilikuwa nasafisha themosi. Akasema haya, akaenda zake.

Angalau ameuliza swali. Wiki nzima hakuwa ameuliza swali lolote.

Jumatano, tarehe 22 Januari

Ushindi!

Jana sauna kama ilivyo ada. Leo chupa ya pili. Nikalamba kifuniko. Chungu! Chungu ya kukunja ulimi! Moyo ulinidunda kama wa kijana anayechumbia. Taulo magotini, chupa mdomoni, shingo ikameza hewa, dawa yote ikaingia kwenye themosi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama, nikaisukuma themosi chini ya benchi, nyuma ya mabuti ya Tauno. Hakuna tone lililopotea, isipokuwa lile lililomwagika kwenye buti la Tauno.

Kisha nikapanda baiskeli na koo kavu. Na sikilizeni. Dakika sitini na nne! Nimempiku Tauno, aliyebaki kwenye sitini na moja yake, kwa dakika tatu bila kunywa hata funda. Nilikuwa namfikiria Helvi dirishani, na miguu ikasahau kukataa. Tauno akasema, "Umekunywa nini wewe?" Nikamwambia nimekunywa walichonipa. Nilitaka sana kumwambia ukweli. Ni mateso kushinda halafu usiweze kueleza ulivyoshinda.

Alhamisi, tarehe 23 Januari

Kahawa ya asubuhi. Vijiko vinne vya dawa kwenye kikombe cha Helvi, sukari juu yake, kipande cha mkate wa iliki pembeni ili kuzuga. Akanywa. Akauliza kahawa hii ni ya wapi. Nikasema dukani walikuwa na punje mpya. Akanitazama kidogo, akanywa yote.

Nilikaa mbele yake kusubiri serotonini. Nilisubiri mpaka saa sita. Mara moja aliinua penseli, nikashtuka, lakini alikuwa anakuna sikio.

Jumamosi, tarehe 25 Januari

Siku ya tatu ya dawa, na themosi imekauka. Helvi amelala mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Amechoka zaidi! Au ni mimi ninayemtazama mno. Nilimuuliza anajisikiaje, akasema vizuri. Nikamuuliza vizuri namna gani. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema, "Veikko, nenda ukatoe theluji njiani." Nimetoa theluji njiani kwetu, kwa jirani wa kulia, na kwa jirani wa kushoto ambaye tumenuniana tangu mwaka juzi.

Jumanne, tarehe 28 Januari

Siku mbaya. Naiandika yote kwa sababu nikiiacha mpaka kesho nitaipunguza.

Daktari Marchuk alituita sote wawili. Majibu ya damu mezani. Akasema damu yetu haieleweki. Nzito mno, asidi amino zote ziko juu, hata kabla ya kupanda baiskeli. Tulifanya nini siku moja kabla? Nikasema hakuna. Tauno akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakuna. Binti akaomba kumuuliza mtu wa nyumbani. Akapiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ili sote tusikie, na Helvi akapokea.

Helvi akasema hatukufanya kitu. "Walikula, wakaingia sauna saa nzima wakishindana kama watoto, wakalala. Kama kawaida yao."

Daktari akaweka kalamu chini. Sauna? Saa nzima? Mara zote mbili? Mbona hatukuandika?

Tauno akamweleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni. "Binti yangu, fomu imeuliza mambo yasiyo ya kawaida. Tusingeingia sauna, hapo tungeandika."

Daktari akavua miwani, akasugua macho. Akasema tulimwaga lita ya jasho kila mmoja na hatukurudisha maji ya kutosha, damu ikapungua kama mchuzi uliosahauliwa jikoni, na vipimo vyake vyote vimeharibika. Nilimhurumia. Lakini kukawa na la pili. Ameomba orodha ya siri ifunguliwe. Chupa yangu ya pili ilikuwa na dawa, na asidi zake hazikupanda kwenye damu yangu zaidi ya nyingine. Ilikwenda wapi?

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale pale kwenye kiti. Nikasema nilimpelekea mke wangu, kwa ajili ya triptofani, ili serotonini imwingie.

Daktari alivaa tena miwani. Kisha akasema, "Mzee Saarela, umeielewa kinyume." Chupa haina triptofani. Ina zile nyingine, zinazogombania nayo lango. Ndiyo maana ya kinywaji: kuijaza foleni ili triptofani isipite, waone kama mtu atachelewa kuchoka. Kumbe siku tatu nimekuwa nikisukuma mabehewa mbele ya mlango wa mke wangu. Mimi! Mtu wa milango!

Akawahi kuniambia vijiko vichache havimdhuru mtu, na kwamba hata chupa nzima hawajui kama inabadilisha lolote, ndiyo sababu wanatafiti. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kusema. Nikasema sikuiba kwa tamaa. Nikasema mke wangu amekaa dirishani miezi minne na simfikii. Nampikia, namtolea theluji, naongea, na simfikii. Nikasema ninamkumbuka, na yuko pale pale jikoni kwangu. Nikasema nimekumbuka kuchekwa. Tauno akainuka akaenda kusoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani. Alilisoma kwa muda mrefu.

Simu ikasema, "Veikko."

Hakuna aliyekuwa ameikata.

Nikasema nipo. Helvi akasema, "Nilijua tangu kikombe cha kwanza. Kahawa ilikuwa na ladha ya gundi."

Nikamuuliza, sasa mbona alikunywa siku zote tatu. Nikasikia kiti kikivutwa huko jikoni. Kisha akasema, "Ulikuwa unanitazama sana. Ungejiona ulivyokuwa unanitazama." Halafu akasema tumwombe binti wa watu radhi kwa kumharibia kazi, na tusichelewe, samaki ameshayeyuka barafu.

Tumeondolewa kwenye utafiti. Daktari alitupa mkono, akaniambia nimtoe mama nje atembee, hilo halihitaji chupa. Kwenye gari Tauno hakupiga mluzi. Alisema tu kwamba buti lake moja linanata na hajui ni kwa nini.

Jumapili, tarehe 2 Februari

Saa nne asubuhi Helvi alisimama kwenye ukumbi wa viatu amevaa nguo za skii. Sikuuliza kitu. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu. Nikatafuta zangu, nikapata, moja ikakataa kufunga, nikaipiga, ikafunga.

Nilimpigia Tauno simu aje naye. Akasema mguu unamsumbua.

Helvi akatangulia. Misonobari imebeba theluji, jua jeupe, baridi ya kugandisha kope. Hakugeuka nyuma hata mara moja, nami nilishukuru, maana nilianguka mara mbili. Kwenye daraja dogo akasimama. Akatoa chungwa mfukoni, akalimenya, akaligawa nusu kwa nusu, akanyoosha mkono pembeni bila kuangalia. Mimi nilikuwa bado niko hatua thelathini nyuma. Mkono ukabaki pale na nusu chungwa.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mwili mzima, ameinamia vijiti vyake vya skii. Nikaja mbio, yaani mbio zangu, na leso sina! Nikampa kofia. Akajifutia kofia, akapenga kwenye kofia. Nikasimama nikiwa nimemshika, masikio yananiuma, na sikuwa na mpango wowote kichwani.

Akasema, "Nimemkumbuka sana." Nikasema mimi pia. Akasema eti mimi sikumpenda Irja, kwa kuwa alikuwa ananifunga kwenye karata. Nikamwambia nilimpenda mno, ila alikuwa mwizi wa karata, Mungu amrehemu. Helvi akacheka na machozi yake. Akanipa ile nusu. Ilikuwa imeganda, meno yakaniuma, nikaila yote.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Nimetafakari kwa kina. Daktari Marchuk ni binti mzuri, lakini bado mdogo.

Tutazame ukweli. Helvi alikunywa dawa tarehe 23, 24 na 25. Tarehe 2 alipanda skii. Dawa nyingi huchelewa. Daktari anasema ile asidi inajaza foleni langoni. Sawa. Lakini mimi mwaka 1988 niliona kwa macho yangu mabehewa yakisukumana bandarini mpaka mlango ukang'oka, na shayiri ikaingia yote kwa mkupuo. Hilo kwenye ubao wake hakulichora!

Kwa hiyo nimekwenda kwenye duka la wale vijana wanaonyanyua vyuma, nikanunua mkebe mzima wa unga wa asidi ile ile. Si wa Helvi. Helvi jana alikwenda skii tena na akaniacha nyuma mpaka nikaanza kuongea na miti. Ni wa Tauno.

Jumamosi nilipita kwake. Mapazia yamefungwa mchana. Skii za Irja zimesimama kibarazani, na kila mahali pale theluji imelala, isipokuwa juu ya hizo skii. Anazipangusa kila siku. Mguu haumsumbui kitu.

Leo amekuja kunywa kahawa. Ugumu ulikuwa mmoja: Tauno hukitazama kikombe chake kama mlinzi wa benki. Nimesimama na kijiko nyuma ya mgongo, jasho linanitoka. Mara, kwa bahati ya ajabu, Helvi akamwita dirishani aje aone ndege mwekundu. Tauno akaenda. Nikatia vijiko vitano. Kijiko kikaniponyoka, kikagonga sakafu, nikajua nimekwisha. Lakini wakati ule ule Helvi akamshika Tauno mkono, akamuuliza kama anadhani ndege yule ni dume au jike, na akaendelea kumuuliza mpaka nikamaliza kukoroga. Nilichungulia, ndege sikumwona. Atakuwa ameruka.

Tauno akarudi, akanywa. Uso ukamkunjamana. Akanitazama. Akamtazama Helvi, ambaye alikuwa anapanga mkate sahanini. Kisha akanywa yote, mpaka masimbi ya chini, akaweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Kahawa nzuri, mwanyumba." Akauliza Jumapili tunatoka saa ngapi.

Dakika tano! Dawa imefanya kazi kwa dakika tano, na hakuna aliyeshtukia kitu.